Serikali, jimbo, turufu, mashtaka: maneno ya uraia wa Marekani yanayotukwaza sisi tunaofikiri kwa Kiswahili

#1 Mkalimani wa Louisville (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kwa muda sasa nimekuwa nikiwasaidia wazee wetu hapa Louisville, Kentucky, kujiandaa kwa usaili wa uraia wa Marekani. Wengi wao ni Wakongo wa Fizi, Uvira na Kalemie waliokaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa huku. Wapo pia Warundi, na Watanzania wachache waliowafuata watoto wao. Ninafungua uzi huu kwa sababu nimeona mara nyingi mtu mwenye akili zake timamu akikwama, na kinachomkwamisha si ugumu wa swali. Anakwamishwa na neno la Kiswahili analolijua vizuri mno, neno ambalo tayari lina ofisi yake, kiti chake na mwenye kiti wake huko kwao alikotoka.

Nianze na kisa kilichonifungua macho. Jumamosi moja nilikuwa na mwalimu mstaafu kutoka Kigoma, na nikamwuliza swali ambalo limo katika orodha ya maswali ya usaili tangu zamani, nikalitafsiri hivi: "Mzee, nitajie mhimili mmoja wa serikali." Akavua miwani, akaniangalia kama alivyokuwa akiwaangalia wanafunzi wake, akasema, "Hapo umekosea, mwanangu. Serikali yenyewe ni mhimili. Mihimili ni ya dola."

Mzee alikuwa sahihi kabisa. Kwetu tunasema Bunge, Serikali na Mahakama, na mtu akisema "serikali imekataa" hatumfikirii jaji wala mbunge, tunamfikiria waziri au mkuu wa wilaya. Mmarekani, kwa neno lake hilohilo tunalolitafsiri kuwa serikali, anakusanya vyote vitatu: Kongresi inayotunga sheria, Rais anayezitekeleza, na mahakama zinazozitafsiri. Kile tunachokiita sisi serikali, yeye hukiita utawala wa fulani, yaani utawala wa Biden au utawala wa Trump. Tangu siku hiyo nimeacha kusema "mihimili ya serikali" na ninasema "mihimili ya dola", na swali linajibiwa bila mtu kuvua miwani.

Kwa wasioujua usaili wenyewe: kwa aliyewasilisha maombi kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025, maswali ya kujifunza ni 128, afisa huuliza hadi 20, na unatakiwa kupata 12. Aliyewasilisha kabla ya hapo anabaki na utaratibu wa mwaka 2008 wenye maswali 100, ambapo huulizwa hadi 10 na kupita kwa 6. Aliyefikisha umri wa miaka 65 na kuishi kama mkaazi wa kudumu kwa miaka 20 anajifunza maswali 20 tu, anaulizwa 10, na anaruhusiwa kujibu kwa lugha yake akiwa na mkalimani. Wenye miaka 50 na ukaazi wa miaka 20, au miaka 55 na ukaazi wa miaka 15, nao huruhusiwa kutumia lugha yao, ila orodha yao ni ileile ndefu. Kwa hiyo Kiswahili tunachokichagua sisi wakalimani kinaingia mpaka ndani ya chumba cha usaili.

Neno la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo baba wa matatizo yote, ni jimbo.

Sote tunasema jimbo la Kentucky, jimbo la Texas, na majimbo 50. Lakini Mtanzania akisikia jimbo, anaona jimbo la uchaguzi lenye mbunge mmoja, na ukimwambia kwamba jimbo lina gavana, bunge lake, katiba yake na mahakama yake ya juu, anadhani umechanganya madaftari. Mkongo akisikia jimbo, anaona Kivu ya Kusini au Tanganyika, na hilo linakaribia, isipokuwa kwamba gavana wa jimbo la Kongo huchaguliwa na bunge la jimbo, ilhali gavana wa Kentucky huchaguliwa na wananchi wenyewe kwa kura zao. Mkenya naye anakumbuka mabishano ya majimbo tangu enzi za uhuru, na neno lenyewe bado lina harufu ya siasa.

Mimi nimeamua hivi: jimbo libaki kuwa jimbo, kwa kuwa limeshazoeleka redioni, na lile eneo analotoka mjumbe wa Baraza la Wawakilishi niliazime kwa Wakenya na kuliita eneo bunge. Hivyo ninaweza kusema bila kugongana na mtu kwamba Kentucky ni jimbo moja lenye maeneo bunge sita, maseneta wawili na gavana mmoja.

Halafu ninawaeleza wazee kwamba jimbo la Marekani si tawi la serikali kuu. Marekebisho ya 10 ya Katiba yanasema kwamba mamlaka ambayo Katiba haikuyakabidhi kwa serikali ya shirikisho, wala haikuyakataza kwa majimbo, ni ya majimbo au ya wananchi. Leseni yako ya udereva imetoka Frankfort, si Washington. Shule ya mjukuu wako, cheti chako cha ndoa na sehemu kubwa ya sheria za jinai ni mambo ya jimbo. Fedha, jeshi, mikataba na mataifa mengine na hayo masuala yetu ya uhamiaji ni ya shirikisho. (Nimeitaja Frankfort makusudi, kwa maana wanane kati ya kumi hunijibu kwamba makao makuu ya Kentucky ni Louisville, na swali la makao makuu ya jimbo lako huulizwa kweli.)

Nitaendelea na kura ya turufu (veto) na mawaziri. Kwanza ninaomba michango, hasa kutoka kwa wenzetu wa visiwani na wa Kenya, kwani Kiswahili changu ni cha bara na ninajua kina upofu wake.

#2 Mtu wa Bwejuu

Mkalimani, ahsante kwa uzi. Umetutaja sisi wa visiwani, basi nami nikuulize jambo moja. Hapo juu umeandika "Baraza la Wawakilishi" kama kwamba ni jina la huko Marekani peke yake. Kwetu Zanzibar Baraza la Wawakilishi lipo tangu mwaka 1980, linakutana Chukwani, na mjumbe wake tunamwita Mwakilishi ili kumtofautisha na Mbunge anayekwenda Dodoma. Idhaa za nje zinaposoma habari kwamba "Baraza la Wawakilishi limepitisha bajeti", mama yangu huacha alichokishika akasikiliza kwa makini, mpaka alisikie jina la Trump ndipo arudi kwenye kazi zake.

Sisemi jina libadilishwe, maana tafsiri ni sahihi. Ila ninaona mtangazaji au mkalimani mwenye busara angesema "Baraza la Wawakilishi la Marekani" walau mara ya kwanza. Vilevile ningependa kujua: kwa nini wengine huandika "Bunge la Congress" na wengine "Kongresi" na wengine "Bunge" tu? Je, seneta ni mbunge au si mbunge?

#3 Mkalimani wa Louisville

Ndugu yangu wa Bwejuu, nimekupata, na nimecheka kwa niaba ya mama.

Kongresi ni jina la nyumba nzima yenye vyumba viwili. Chumba kimoja ni Baraza la Wawakilishi, lenye wajumbe 435 wenye kura, waliogawanywa kwa majimbo kulingana na idadi ya watu, na kila mmoja hurudi kwa wapiga kura baada ya miaka miwili. Chumba cha pili ni Seneti, yenye maseneta 100, wawili kwa kila jimbo hata jimbo liwe dogo namna gani, na kipindi chao ni miaka sita, huku takriban theluthi moja ya viti ikigombewa kila baada ya miaka miwili. Maseneta wamechaguliwa moja kwa moja na wananchi tangu Marekebisho ya 17 ya mwaka 1913; kabla ya hapo walichaguliwa na mabunge ya majimbo, jambo ambalo Mkongo analielewa mara moja kwa sababu ndivyo maseneta wa kwao wanavyopatikana hadi leo.

"Bunge la Congress" ni sawa na kusema "Bunge la Bunge", lakini ninaelewa kwa nini watangazaji hulitumia: msikilizaji hupewa neno analolijua na jina la mgeni kwa pamoja. Mimi hutumia Kongresi. Seneta anatunga sheria kama mbunge, lakini Mmarekani mwenyewe akisema "mwana Kongresi" kwa kawaida humaanisha mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, na hapo ndipo mzee hukosea. Akiulizwa jina la mwakilishi wake, humtaja seneta, na jibu linahesabiwa kuwa si sahihi hata kama seneta huyo ni maarufu kuliko wote.

Sasa nirudi kwenye kura ya turufu. Hili ni neno zuri lililotumwa mahali pasipolistahili. Turufu tumeipata kwa Wareno pamoja na karata zao, na katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa inafaa kabisa, kwa kuwa mle nchi tano za kudumu hupiga kura, na kura ya mmoja wao ya kukataa huzima za wengine. Rais wa Marekani hapigi kura yoyote. Mswada ukishapita katika mabaraza yote mawili hupelekwa mezani kwake, naye ana siku 10, Jumapili bila kuhesabiwa, za kufanya moja kati ya mambo haya: autie saini uwe sheria, au aurudishe pamoja na sababu zake za kuukataa. Asipofanya lolote na Kongresi ikiwa bado inakutana, mswada huwa sheria bila saini yake. Asipofanya lolote na Kongresi ikiwa imeahirishwa, mswada hufa kimyakimya. Aliourudisha anaweza kushindwa, ikiwa theluthi mbili ya kila baraza wataupitisha tena.

Kwa hiyo mimi husema "Rais amekataa kuidhinisha mswada" au "ameurudisha mswada". Ni maneno mengi zaidi, lakini mzee mmoja aliyekuwa akiambiwa "kura ya turufu" aliniuliza kama Rais anapanga foleni na wabunge kupiga hiyo kura yake, na swali lake lilikuwa la haki. George Washington alirudisha mswada wa kwanza mwaka 1792. Franklin Roosevelt alirudisha 635, na hakuna aliyemfikia.

#4 Kamukunji Yetu

Mwalimu, salamu kutoka Nairobi. Mimi nina la kusema kuhusu lile neno la kumwondoa rais, yaani "impeachment" kwa Kiingereza, kwa maana sisi Wakenya tumelipitia hivi karibuni na tuna maneno tele: kubandua, kutimua, kung'oa. Naibu Rais Rigathi Gachagua alipigiwa kura katika Bunge la Kitaifa tarehe 8 Oktoba 2024, na Seneti ikamaliza kazi tarehe 17 mwezi huohuo kwa kuthibitisha mashtaka 5 kati ya 11. Akawa ameondoka. Kwa hiyo mimi nikisoma kwamba Trump "alibanduliwa" mara mbili, ninashangaa: mtu anabanduliwaje mara mbili na bado anamaliza muhula wake?

#5 Mkalimani wa Louisville

Ndugu wa Kamukunji, umelishika panapouma.

Neno la Kiingereza ambalo magazeti yetu yote hulitafsiri kwa kung'oa au kubandua halimaanishi kumtoa mtu kitini. Linamaanisha kumfungulia mashtaka. Nchini Marekani, Baraza la Wawakilishi ndilo lenye mamlaka ya kumshtaki Rais, na kura za wengi wa kawaida zinatosha. Akishashtakiwa bado ni Rais, bado analala Ikulu, bado anatia saini sheria. Kesi husikilizwa na Seneti, Jaji Mkuu akiongoza ikiwa anayeshtakiwa ni Rais, na ili aondoke ni lazima theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria wamtie hatiani.

Ukilichukua neno kwa maana hiyo, historia inasomeka vizuri. Andrew Johnson alishtakiwa mwaka 1868, na Seneti ikapungukiwa kura moja tu kumwondoa: 35 kwa 19. Bill Clinton alishtakiwa mwaka 1998 na kuachiwa mwaka 1999. Donald Trump alishtakiwa Desemba 2019, akaachiwa Februari 2020. Akashtakiwa tena Januari 2021, na safari hiyo maseneta 57 walimwona na hatia na 43 wakakataa, ilhali zilihitajika 67. Hakuna Rais wa Marekani aliyewahi kuondolewa kwa njia hii. Richard Nixon, ambaye wengi humtaja kuwa "aliyeng'olewa", alijiuzulu Agosti 1974 kabla Baraza halijapiga kura.

Kenya mlikuwa na hatua zilezile mbili, isipokuwa kwamba Bunge la Kitaifa lenyewe linadaiwa theluthi mbili, na kwa kuwa zote zilifuatana ndani ya siku tisa na kuishia kwa mtu kutoka, neno moja lilizimeza zote. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 46A, ina maneno "hoja ya kumshtaki Rais", na mimi ninaona waandishi wa Katiba walitangulia waandishi wa habari kwa usahihi. Kumshtaki kwanza, kumwondoa baadaye, na katikati kuna kesi.

#6 Mgeni Mpole

Naomba niwe mkweli, na asiumie mtu. Mimi ninaishi Texas, nilipita usaili wangu mwaka jana, na sikuhitaji Kiswahili hata kidogo. Usaili ni kwa Kiingereza, maswali ni kwa Kiingereza, majibu ni ya kukariri. Kwa nini tusiwafundishe wazee wetu Kiingereza moja kwa moja badala ya kubishana kuhusu turufu na jimbo?

#7 Mkalimani wa Louisville

Mkuu Mgeni Mpole, hongera kwa uraia, na hoja yako nimeipokea bila kinyongo.

Nina majibu mawili. La kwanza nimeshalitaja: wapo wanaoruhusiwa na sheria kufanya sehemu hiyo kwa lugha yao, na wengi wa wazee ninaokaa nao ni hao. La pili ni la wale wanaofanya kwa Kiingereza. Mtu anaweza kukariri kwamba jibu la swali fulani ni "tisa" bila kujua kwamba tisa hao ni majaji wa Mahakama ya Juu, kwamba idadi hiyo haimo katika Katiba bali iliwekwa kwa sheria mwaka 1869, na kwamba wanakaa humo maisha yao yote isipokuwa wajiuzulu au waondolewe. Afisa akilipindua swali kidogo, kasuku hukwama na aliyeelewa huvuka. Isitoshe, usaili hauishii kwenye maswali ya serikali. Afisa huipitia fomu nzima pamoja na mwombaji, na humo mna maswali ya ndiyo na hapana yanayoweza kumponza mtu kuliko kutojua idadi ya majaji. Hilo nitalirudia.

Sasa waziri. Kiingereza cha Marekani humwita "Secretary", na mkalimani mchanga hutafsiri "katibu", hivyo Waziri wa Mambo ya Nje anageuka Katibu wa Dola, na Mtanzania anamwona mtumishi wa umma anayekaa chini ya waziri. Ni mawaziri, na wizara zao ni 15. Kinachowatofautisha na mawaziri wa Dodoma ni kwamba Katiba inamkataza mtu kuwa Kongresini na serikalini kwa wakati mmoja. Marco Rubio alikuwa seneta wa Florida, na ilimbidi aache useneta Januari 2025 ndipo awe Waziri wa Mambo ya Nje. Tanzania ni kinyume: bila kuwa mbunge huwi waziri. Wakenya, tangu Katiba ya 2010, wako upande wa Wamarekani katika hili, na wananielewa nikiwa bado sijamaliza sentensi.

Mtego uliojificha humo ni kwamba kila jimbo nalo, au karibu kila jimbo, lina afisa mwenye cheo hichohicho cha Kiingereza, ila huyo hana habari na mambo ya nje. Hapa Kentucky ndiye msimamizi mkuu wa uchaguzi. Huyo ninamwita Katibu wa Jimbo, na ninakubali kwamba safari hii "katibu" linafaa.

Na kwa kuwa tupo Kentucky, niseme na hili, ingawa haliulizwi na afisa yeyote. Mkuu wa kaunti hapa, katika sehemu kubwa ya kaunti zake 120, ana cheo kinachoanza na neno "Judge", yaani jaji, lakini hahukumu kesi yoyote. Anasimamia barabara, bajeti na mambo kama hayo. Hilo ni salio la zamani, la kabla ya mahakama za jimbo hili kupangwa upya katika miaka ya 1970. Mkuu wa jela ya kaunti naye, katika kaunti nyingi, huchaguliwa kwa kura. Mzee wa Fizi nilipomweleza kwamba katika kaunti hizo raia humpigia kura mkuu wa jela, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama wafungwa nao wanagombea.

#8 Mtu wa Bwejuu

Na kura za maoni je? Huku kwetu zikitajwa tu, watu wanafunga mikanda.

#9 Mkalimani wa Louisville

Hilo nalo lina njia panda. Tanzania, kura za maoni ni zile za ndani ya chama za kumpata mgombea, na kura ya maoni, kwa umoja, ni ile ya nchi nzima kuhusu jambo fulani, kama ya Zanzibar ya mwaka 2010. Kenya, ya chama huitwa mchujo. Mimi nimechagua kura za mchujo kwa Marekani, kwa sababu ndilo neno lisiloweza kuleta shaka.

Tofauti kubwa iko kwenye mwenye uchaguzi. Mchujo wa Marekani husimamiwa zaidi na jimbo, katika vituo vilevile na kwa karatasi zilezile za serikali, na wanaopiga kura si wajumbe wa chama wenye kadi bali ni wapiga kura wa kawaida. Majimbo hutofautiana: mengine humruhusu yeyote apige kura upande autakao, na mengine, Kentucky ikiwemo, huwafungia walioandikishwa chini ya chama hicho pekee. Na anayetaka kuhama chama hapa ni lazima afanye hivyo kabla ya mwaka wa uchaguzi kuanza, yaani mwisho ni tarehe 31 Desemba, wakati mchujo ni Mei. Kura ya maoni ya taifa zima haipo kabisa Marekani. Zipo za majimbo.

Kuhusu uchaguzi wa Rais, ninaomba jambo moja tu: tuache kuandika "Chuo cha Uchaguzi" kwa kile Wamarekani wanachokiita "Electoral College". Nimeliona neno hilo kwenye karatasi iliyochapishwa vizuri na kugawiwa kwa watu, na mama mmoja akaniuliza ada ya chuo hicho ni kiasi gani. Ni wajumbe wa kumchagua Rais. Wapo 538, yaani idadi ya wawakilishi na maseneta wa kila jimbo, kuongeza watatu wa mji wa Washington waliopatikana kwa Marekebisho ya 23 ya mwaka 1961. Anayefikisha 270 ndiye Rais. Kentucky ina wajumbe 8, California ina 54. Hawakutani pamoja hata siku moja. Kila kundi hukutana katika jimbo lake mwezi Desemba, na kura zao huhesabiwa mbele ya Kongresi Januari. Katika majimbo 48 mshindi huwachukua wajumbe wote. Maine na Nebraska huwagawa. Ndiyo maana mwaka 2000 na mwaka 2016 aliyepata kura chache za wananchi aliapishwa kuwa Rais, na ndiyo maana wagombea huishi Pennsylvania kwa wiki nzima na kupita juu ya Kentucky kwa ndege.

#10 Wakili Mtaani

Ninafuatilia kwa utulivu. Naomba umguse "mzee wa baraza", Mkalimani. Nimewahi kusikia mkalimani mahakamani akilitumia kwa wale raia 12 wanaokaa kando ya jaji, na mimi niliyewaona wazee wa baraza wa Tanzania kwa macho yangu nilihisi hapana.

#11 Mkalimani wa Louisville

Wakili, hapana yako ni halali. Wazee wa baraza katika mahakama zetu walikuwa wakitoa maoni, na jaji hakufungwa nayo. Wale 12 wa Marekani hawatoi maoni: wao ndio wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia au hana, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2020 katika kesi iliyotoka Louisiana, katika makosa mazito ni lazima wakubaliane wote, kwenye mahakama za majimbo kama ilivyo kwenye za shirikisho. Jaji hutafsiri sheria na kupanga mwenendo wa kesi. Mimi ninasema baraza la waamuzi, na kwa lile baraza kubwa la siri, ambalo katika mahakama za shirikisho huwa na watu 16 hadi 23 na huamua tu kama mtu ashtakiwe, ninasema baraza la mashtaka. Kama kuna aliye na neno bora zaidi, nitalipokea.

Na hapa ndipo niliposema nitarudi. Kwenye fomu ya maombi ya uraia mna swali kama umewahi kudai kuwa raia wa Marekani, na jingine kama umewahi kujiandikisha kupiga kura au kupiga kura. Kwa sheria ya mwaka 1996, kudai uraia usio nao ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu nchini, hata kama ana kadi ya ukaazi wa kudumu na ameishi hapa kwa amani. Sasa fikirieni neno kujiandikisha. Mzee anakwenda kuchukua leseni au kitambulisho, karani anamwuliza kama angependa kujiandikisha kupiga kura, na masikioni mwake kujiandikisha ni kule kwa kambini: ukiitwa, unakwenda, unaandikwa, unapata kadi, na asiyeandikwa hapati chakula. Anasema ndiyo. Ninawafundisha wote kabla ya neno lingine lolote: kuhusu kura, mpaka siku utakayokula kiapo, jibu ni hapana, asante.

Mwaka huu mzee mmoja alinipigia simu saa moja asubuhi akiwa ameingiwa na hofu. Alikuwa amepokea barua ya mahakama yenye mhuri, akaitwa kwa jina lake kamili, na kijana wake aliyeisoma harakaharaka alimwambia "umeitwa mahakamani". Mzee alikuwa hajalala. Alikuwa ameshafunga nguo kwenye begi dogo, pamoja na dawa zake za presha.

Nilikwenda kwake, nikaisoma. Ilikuwa wito wa kuwa mmoja wa wale waamuzi. Kentucky huchota majina kutoka kwenye orodha ya wapiga kura, ya wenye leseni na vitambulisho vya jimbo, na ya walipa kodi, kwa hiyo asiye raia naye jina lake huchotwa. Ndani mlikuwa na karatasi ya maswali, na swali mojawapo la mwanzoni liliuliza kama yeye ni raia wa Marekani. Kijana wake alikuwa ameshashika kalamu ili aijaze yote "ndiyo", mambo yasije yakaharibika.

Tuliweka alama kwenye "hapana". Mzee akatia saini kwa mkono uliotetemeka kidogo, nikapiga picha kila ukurasa ili nakala ibaki, tukaifunga bahasha na kuipeleka posta kwa miguu, kwani ni mtaa wa pili tu. Tulipotoka posta aliniuliza kama, atakapokuwa raia, barua hiyo itakuja tena. Nikamwambia inaweza kuja. Akasema safari hiyo atakwenda, ila begi hataliandaa.